Maradhi ya Chanfi

Kijicho hakina dawa, na Muuguzi Zaitoun alilijua hilo kuliko daktari yeyote. Alipanda nacho ndege asubuhi kutoka kisiwa cha Nzwani, akashuka nacho kisiwa cha Ngazija, akapita nacho mbele ya mamluki wa Kizungu waliokuwa wakipekua mifuko uwanjani, wala hawakukiona.

Sababu ilikuwa barua. Daktari Chanfi wa Moroni, huko Ngazija, ambaye yeye Zaitoun alimfundisha kushika sindano kabla hajaenda kusoma Ufaransa, alimwarifu kwamba ameandika makala ya jarida la Ulaya kuhusu watoto watatu wa Hombo, mjini Mutsamudu, kwao Nzwani. Watoto hao wakishtushwa, hasa na milio ya bunduki za mamluki, huanguka kama waliokatwa. Kwa miaka minne wametibiwa kifafa. Ni Zaitoun aliyetambua kwamba kabla ya kuanguka mapigo ya moyo huvurugika, na ndiye aliyewapeleka Moroni wapimwe moyo kwa mashine. Sasa makala ilikuwa na kichwa: Maradhi ya Chanfi.

“Karibu, Bweni Zaitoun,” alisema daktari ofisini kwake, akimwita kwa heshima apewayo mwanamke mzima.

“Nimekaribia. Nasikia umezaa bila kubeba mimba.”

Chanfi alicheka kidogo. “Ndiyo desturi ya utabibu, Bweni. Dalili zinazoandamana hupewa jina la aliyezieleza kwanza.”

“Aliyezieleza, au aliyekuwa na taipureta?”

Daktari alimsogezea karatasi za makala. Zaitoun alisoma Kifaransa kile kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi kidole kikasimama. Chanfi ameandika kwamba baba za watoto ni wa koo tatu, mmoja wao mhamiaji aliyerudi kutoka Majunga. Kwa hiyo watoto si ndugu, na chanzo ni sumu katika chakula.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Zaitoun alitabasamu. Mtoto wa Kingazija, aliyelelewa katika nyumba ya mama yake, amehesabu ukoo kwa baba tu, kama karani wa Kifaransa!

“Peleka hivi, wakucheke,” alisema. “Bibi zao wazaa mama ni dada wa tumbo moja. Na nyumba hiyo imekwisha kuzika wengine wanne walioanguka hivyo hivyo. Majina yao ninayo hapa.” Aliupapasa mkoba wake.

Daktari alibadilika uso. “Basi ni ya kurithi! Nipe, Bweni. Tutaandika Chanfi na Zaitoun.”

“Nikufuate nyuma kama mkia?”

“Jina la Zaitoun peke yake wenye jarida hawatalikubali. Wewe si daktari.”

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mara ngapi amelitamka mbele ya kioo jina hilo, Maradhi ya Zaitoun, na kuliona tamu!

“Basi maradhi yaitwe kwa dalili zake: kuzimia kwa mshtuko, kwa kurithi. Nyumba yenyewe usiitaje, wasichana wake wasije wakakosa wachumba. Ipimwe yote, na hao watatu waachishwe dawa ya kifafa leo hii.”

“Na jina langu?”

“Kama si langu, halitakuwa lako.”

Alikwisha kuinuka na mkoba kwapani. Chanfi aliutazama mkoba, akatazama makala yake isiyo na chanzo, akachukua kalamu na kulikata jina lake kwa mistari miwili.

Zaitoun aliinama, akaona bado lasomeka, akamwagiza aongeze wa tatu.