Nani Alimchekesha Bibi Harusi?

Walimu wa Tadea wa kupiga picha walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyemjua Tadea. Wote walikaa kwenye simu. Wa kwanza, kijana wa Dar es Salaam, alisema ongeza mwanga mpaka uso ung'ae. Wa pili akasema mwanga ukizidi umeshaharibu picha. Wa tatu alifundisha kwa Kiingereza cha mbio, Tadea akawa anafuata kidole chake tu. Wa nne alikuwa mzuri kuliko wote, ila kila akifika penye utamu, bando linakata. Sasa hapo mtu ashike lipi? Tadea alishika yote, jamani, na kichwa kikamvurugika.

Na kichwa hichohicho ndicho alichokwenda nacho kwenye kazi yake ya kwanza ya maana: kumpiga picha Benadetha wa kijiji cha Mbuji, tangu anaagwa nyumbani mpaka anafunga ndoa Mbamba Bay, ziwani. Mama Benadetha alikuwa kiongozi wa kina mama parokiani. Akikusifia, umepata harusi za mwaka mzima. Akikusema vibaya, basi, kakaange vitumbua.

Harusi ikapita salama. Benadetha aliporudi Mbuji kumsalimia mama yake, Tadea naye akapeleka albamu. Mama akafuta mikono, akakaa, akaanza kufunua. Kila ukurasa kigelegele. Shangazi Lidia, aliyemsindikiza bibi harusi, akawa anachungulia begani. Mara kigelegele kikakatika.

"Huyu nani?"

"Ni dada Benadetha, mama. Tukiwa njiani."

Kwenye picha Benadetha alikuwa kiti cha nyuma cha gari, kanga imemteleza kichwani, meno yote nje. Dirishani nyuma yake ziwa lilikuwa limetanda.

"Mwanangu alitoka hapa analia," mama akasema. "Mimi nimelia mpaka sauti imenikauka. Halafu njiani anacheka hivi? Yesu na Maria!"

Kwao bibi harusi anayeagwa hacheki. Anainamisha kichwa, anamlilia mama yake, basi. Akicheka, maana yake amefurahi kumwacha. Na mama huyu alikuwa mjane, Benadetha ndiye mtoto wake pekee. Tangu siku ile alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja.

"Umemtia wewe hilo cheko," akamwambia Tadea. "Si ndiyo mnayofundishana huko kwenye simu?"

Tadea alitaka kukana. Angeapa, lakini aape nini? Alikumbuka gari linakata kona, ziwa linatokea, yeye anageuka kutoka kiti cha mbele na kupiga. Cheko lilikuwepo. Lilikuwepo kweli? Maana nyumbani aliifungua picha ileile huku mwalimu wa nne akieleza kitufe cha tabasamu: unabonyeza, aliyenuna anacheka. Tadea alibonyeza. Hilo alilikumbuka vizuri. Kisha bando likakata. Je, alirudisha picha ilivyokuwa au hakurudisha? Mwalimu wa kwanza alikuwa na somo zima la kutunza picha ya asili kabla hujaigusa, lakini lilikuwa refu na Tadea akaliruka. Alihifadhi mpya juu ya ya zamani, na kadi ya kamera alishaifuta kule Mbamba Bay, baada ya kuhamishia picha kwenye simu, apate nafasi ya harusi. Kwisha kazi.

"Shangazi, wewe si ulikaa naye?" akauliza, akitafuta pa kushika.

"Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa kichefuchefu. Kona zile, mwanangu, wacha tu!"

"Mwenyewe si huyu hapa," mama akasema. "Bena, ulicheka?"

Benadetha alimtazama Tadea, kisha akamtazama mama yake, ambaye macho yalishaanza kulengalenga.

"Sikucheka, mama. Ameniongezea tu."

Mama akashusha pumzi ndefu. Akaichomoa picha ile, akamrudishia Tadea. "Chukua mwenyewe. Nyingine nzuri. Ila kina mama wakiniuliza mpiga picha, nitawaambia watafute mtu Mbinga mjini."

Tadea akaaga. Kumbe ni kitufe! Kumbe kamchekesha mtoto wa watu mbele ya mama yake, na hata hajui alivyofanya. Aliona aibu mpaka masikioni, akatamani kuitupa simu kwenye mibuni pamoja na walimu wake wote.

Nyuma yake Benadetha akaja kumsindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa. Walitembea mpaka nyumba ikafichwa na mibuni.

"Dada, nisamehe," Tadea akasema. "Nilibonyeza tu, sikujua."

Benadetha akageuka kuangalia nyuma, kisha akanyoosha mkono. "Hiyo picha nipe."

"Ukaichane?"

"Nani aichane?" Aliitazama sana, na cheko lilelile, na meno yaleyale, likamjia usoni. "Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa, Tadea. Lilipotokea lote pale kwenye kona, nikasahau kama nilikuwa nalia."

"Sasa mbona umesema..."

"Ungemwambia wewe?"

Benadetha akaificha picha ndani ya kanga, akaikaza vizuri, akarudi kwa mama yake. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshainamisha kichwa.