Mfupa wa Gaspare

Kwetu Sisilia, Siku ya Wafu ikifika, marehemu wa kila nyumba huwaletea watoto wao zawadi. Aliye hai haleti kitu. Ugomvi wa nyumba niliyopanga ulianzia hapo.

Gaspare alibaki ndani ya machimbo ya kiberiti moto ulipowaka baada ya Pasaka. Mlango ukazibwa kwa mawe ili moto ufe. Hakuna maiti iliyotoka, na mama yake, Rosolia, akashikilia kwamba mwanawe yu hai.

Rosolia ndiye aliyekuwa akioka biskuti ziitwazo mifupa: lozi zilizotwangwa, sukari na karafuu, kila marehemu kipande chake. Vipande huachwa ubaoni vikauke vizuri. Vikauke, ndipo tanurini sukari hupanda juu, nyeupe kama mfupa.

"Mama, kata na cha Gaspare," mkwewe Nunziata alimwambia. "Mimma anauliza ataletewa na nani. Nimjibu nini?"

"Mjibu babake yu hai."

"Yu hai wapi? Chini ya mawe?"

"Una haraka ya ujane wewe! Umeshapata bwana?"

"Nimepata mtoto anayemngoja baba kizingitini kila jioni mpaka anasinzia. Huyo ndiye bwana wangu."

Siku ya kuoka, vipande vya wengine vilikuwa vikavu kama chokaa. Ndipo Rosolia akatwanga lozi nyingine, akakanda, akakata kimoja cha Gaspare, akakitia tanurini kingali na maji.

"Kibichi hicho, mama!"

"Najua."

Vya wengine vikatoka na mifupa yao. Cha Gaspare kikatoka bapa, kimetandazika.

"Umeona?" Rosolia alisema. "Hana mfupa. Mwanangu hajafa."

"Hata babu yake Mimma ungemtia mbichi, angetoka hivyo hivyo. Na babu tulimzika sote."

Nunziata akakifunga kile kibapa kwenye leso, akakificha chini ya kitanda cha mtoto.

Asubuhi ya Siku ya Wafu Mimma alitoka mbio pekupeku, mdomo umejaa, akiutangazia mtaa mzima: "Baba amekufa! Ameniletea! Amekufa kweli!"

Wanawake waliokuwa wakienda makaburini na maua wakasimama, wakafanya ishara ya msalaba. Rosolia alitoka amnyamazishe, mkono ameshauinua. Mtoto akadhani anaombwa. Akamega kipande.

"Onja, bibi. Cha baba ni laini."

Mkono ukashuka. Rosolia akafumbua kinywa, akala.