Kura ya Orrin Juu ya Shule ya Mama

Siku hizi watu wanamwita Mheshimiwa Gavana, na picha yake imetundikwa hata posta. Mimi bado namwona Orrin yule wa buti za matope, kaka yangu, aliyechaguliwa kuendesha mkutano wa kijiji chetu hapa jimboni Vermont, Marekani, akiwa na miaka ishirini na sita. Nazikumbuka Jumanne zile za Machi, siku ya mkutano wa kila mwaka, hadi moyo unaniuma: ukumbi unanuka sufu iliyolowa na maharage ya kuoka, wanaume wanabishania barabara kana kwamba wanagombea mke.

Mwaka ule hoja ya maana ilikuwa moja tu: tuifunge shule ya mlimani, watoto wote kumi na mmoja wateremke shule mpya ya bondeni, au tuiache? Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, jiko la kuni linalofuka moshi, na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo ni mama yetu.

"Shule hii imewasomesha babu zetu!" akafoka mzee Elwin Stannard.

"Ndiyo maana hata ng'ombe wako huwajui idadi!" mtu akamjibu kutoka nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

Tukanyoosha mikono. Nilinyoosha wangu kuitetea shule, tena juu kabisa. Karani akahesabu mara mbili: thelathini na nane kwa thelathini na nane. Kwetu mwendesha mkutano hapigi kura, ila zikilingana. Macho yote yakamgeukia Orrin. Ndipo nilipomwona Mama safu ya mbele, mikono yote miwili mapajani. Hakupigia upande wowote.

"Naunga mkono ifungwe," akasema Orrin.

Nilimchukia, wala sioni haya kulisema. Shule mpya ilitaka walimu wenye vyeti, na Mama hakuwa na cheti. Wakampa kazi ya kupakua supu jikoni. Majirani, wale wale waliomnunia Orrin, wakaanza kusema kijana huyu hana upendeleo, wakampeleka bunge la jimbo. Nikamwambia usoni kwamba amepanda juu kwa kumkanyaga Mama.

Miaka kumi na minne baadaye, akiwania ugavana, alifika shule ile ya bondeni kusalimia wapiga kura. Akapanga foleni ya chakula na trei yake kama wengine, mimi nyuma yake. Alipomfikia Mama hakuomba supu. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, siku ile mbona hukunyoosha mkono? Wako mmoja tu ungeiokoa shule."

Mama akaweka upawa chini. "Nani kakwambia ningeiokoa? Watoto walikuwa wanakohoa kutwa kwa ule moshi, mwanangu. Nilikuja pale nimeshaamua ifungwe. Mkono ukakataa kupanda." Akamshika shavu mbele ya watu. "Nikakuachia wewe mzigo wangu, halafu nikaona aibu kukwambia."

Orrin alilia pale pale, mgombea ugavana mzima, trei tupu mkononi. Nami nilisimama nyuma yake, maneno yangu makali ya miaka yote ile yakinirudia, nisijue nianzie wapi kumwomba radhi.