Mnada wa Farasi kwa Mzee Heberto

Nerio Fuenmayor alimvunja baba yangu, mzee Heberto, vidole kwa nyundo ya baba mwenyewe, na ukumbi mzima ukajitia kutazama televisheni. Kosa la baba lilikuwa kuhesabu polepole. Kila Jumapili, kabla ya kila mbio za Caracas zinazoonyeshwa kwenye televisheni, baba huwanadi farasi mmoja mmoja, na dau likifika mwisho anahesabu moja, mbili, tatu, ndipo nyundo inashuka. Kwa Nerio, hizo tatu zilitakiwa zitoke kwa pumzi moja. Siku ile baba alikohoa kati ya mbili na tatu. Nerio akadhani anawangoja wengine wapandishe bei. Akapanda jukwaani, akaulaza mkono wa baba juu ya meza, akapiga.

Nilikuwa jikoni nakaanga ndizi. Niliisikia mifupa kabla sijamsikia baba. Nilipotoka na kisu, wapwa wawili wa Nerio walinikinga mlangoni, na mmoja akanichapa kofi lililonilegeza jino. Nerio alirudi kitini akamalizia nyama yake ya mbuzi. Mbio zikaanza, farasi wake akashinda, na baba, mkono umefungwa taulo, ndiye aliyemhesabia pesa kwa mkono wa kushoto.

Mume wangu alikuwa kazini machinjioni. Onésimo ni mtu wa milimani, kutoka Mérida, na hapa Cabimas watu wa milimani huanza kuchekwa wakiwa bado kwenye ngazi za basi. Wana adabu nyingi, kwa hiyo watu wanadhani ni wazito wa kuelewa. Huyu wangu alikuwa akiniambia tafadhali hata kitandani. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuweka dau hata la senti moja. Jioni ile alimwosha baba mkwe wake ule mkono, akamlisha supu kwa kijiko, kisha akaja jikoni akavuta kigoda.

"Yoleida, nifundishe huu mchezo, tafadhali."

"Uufanyie nini?"

"Nataka kujua mzee amevunjiwa nini."

Nikamwaga maharage meusi mezani. Nikamwambia farasi wakiwa wanane, kila mmoja ananadiwa peke yake, na anayetoa dau kubwa ndiye mwenye farasi huyo kwa mbio hizo tu. Pesa zote zinaingia mfuko mmoja. Nikasogeza rundo la punje mia. "Nyumba inachukua thelathini. Sabini zilizobaki ni za yule ambaye farasi wake ameshinda. Wengine wanakula vumbi."

"Na yule farasi ambaye kila mtu anamtegemea?"

"Huyo ndiye kipenzi. Anagombewa, kwa hiyo ni ghali. Farasi mnyonge unampata kwa punje mbili, akikushindia umeondoka na sabini. Kipenzi utamlipia arobaini kuzipata sabini hizo hizo. Nafasi kubwa, faida ndogo."

"Na Nerio anamlipia ngapi?"

"Kumi. Nani atapandisha juu ya Nerio?"

Alizisogezasogeza punje kwa muda mrefu, kucha zake bado zina damu ya ng'ombe. "Kwa hiyo si kwamba anajua farasi," alisema. "Nyinyi ndio mnaomlipia zilizobaki."

"Tunalipia meno yetu, Onésimo."

"Tuseme wengine wote wameweka thelathini. Naye apandishiwe mpaka themanini."

Nilihesabu. Mfuko, mia na kumi. Nyumba, thelathini na tatu. Zinabaki sabini na saba. "Ameweka themanini, ameshinda, na anaondoka na sabini na saba," nikasema. "Hakuna mjinga wa kufika huko."

"Mjinga hapana. Mwenye hasira, je?"

Nilimkamata shati. Nilimwambia kwamba Nerio aliwahi kumchomea mtu mashua naye amelala ndani, kwa neno dogo kuliko dau. Nilimwambia sitaki kuvaa nyeusi kwa ajili ya maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitoa mkono taratibu kwenye ukosi wake. "Nimekuelewa, mke wangu." Ni baadaye sana nilipogundua kwamba hakuniahidi kitu.

Jumapili iliyofuata nyundo niliishika mimi. Baba aliketi pembeni, mkono wake umefura kama mkate. Kufunga ukumbi tusingeweza, Nerio alikuwa amemtuma mpwa wake asubuhi kutuambia ana hamu na mbio za sita. Watu walijaa, walikunywa bia, hakuna aliyemuuliza baba anaendeleaje. Niliwachukia wote, mmoja baada ya mwingine, nikiwaita kwa majina ya farasi waliowanunua.

Kwetu kipenzi huuzwa mwisho. Katika mbio za sita niliwauza farasi saba wa mwanzo kwa jumla ya bolivari elfu tatu, nikabaki na Kapteni, farasi mwekundu ambaye hata redio ilishatabiri kwamba atashinda.

"Elfu moja," Nerio alisema bila kuinua uso kwenye sahani.

"Elfu moja, moja, mbili, ta..."

"Samahani sana, bwana Nerio. Elfu mbili."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na choo. Onésimo alikuwa amesimama, kofia kifuani, kama yuko kanisani.

Nerio aligeuka polepole. "Nani amemfungulia mbuzi wa milimani?"

"Mume wa dalali huyo, mjomba," mpwa mmoja akasema.

"Bi dada, mwambie mumeo hapa hatunadi viazi."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Ningeweza kushusha nyundo pale pale, mambo yakaisha. Nilijua mfukoni mwa Onésimo mna mia nane. Nyingine tulimpa daktari. Nerio akinyamaza tu, Kapteni angekuwa wa mume wangu, na asiyelipa katika ukumbi ule hutolewa mlangoni hajitambui. Nilimtazama baba. Baba aliutazama mkono wake.

"Elfu mbili," nikasema. "Nani zaidi?"

"Tatu," Nerio akasema.

"Nne, kwa heshima yako."

"Tano. Na ukitaja nyingine nakula ulimi wako."

"Tano na nusu. Kama pesa zimekuishia, bwana, si aibu. Hata mimi mwaka jana ziliniishia."

Hapo mtu fulani alicheka sawasawa, si kwa woga. Mpwa akainuka na chupa, Nerio akamrudisha chini kwa kiganja. Akimpiga mume wangu kabla ya mbio, ingekuwa mtu wa milimani amemshinda kwa pesa, na yote mbele ya watu. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Saba."

Saba ndipo mwisho ulipokuwa. Wengine wakiwa na elfu tatu, juu ya saba hata mshindi anakula hasara. Mimi nilijua, baba alijua, na mume wangu aliyejifunza kwa maharage alijua. Nilimkazia macho Onésimo: kaa, umeshafika, kaa.

"Saba na nusu," Onésimo akasema.

Nerio aliichukua mifupa ya mbuzi, akaifyonza, akaiweka sahanini. Nilitakiwa kuhesabu. Nikasema moja. Nikasema mbili. Onésimo alisimama vile vile na kofia yake, na mia nane zake.

"Nane," Nerio akasema.

"Nane na nusu."

"Tisa. Tisa, mjinga wee, na nyumba ya mama yako nainunua juu yake."

Onésimo aliinamisha kichwa. "Ni wako, bwana Nerio. Hongera." Akaketi.

Nilihesabu taratibu, kila namba na pumzi yake, kama baba alivyofundishwa na baba yake. Nyundo ikashuka. Nerio akatabasamu akawaangalia watu, na watu wakaangalia chini.

Kapteni alishinda bila hata kuchapwa kiboko. Nerio alikuja mezani na wapwa zake nyuma yake, akanyoosha mkono. Nilizihesabu noti mbele ya macho ya kila mtu, kwa sauti. "Mfuko ni elfu kumi na mbili. Fungu la nyumba, elfu tatu na mia sita. Zako hizi hapa, elfu nane na mia nne."

Alizihesabu. Akazihesabu tena akilowesha kidole.

"Mimi nimeweka tisa."

"Ndiyo."

"Na nimeshinda."

"Umeshinda."

"Sasa mbona ni pungufu?"

Evelio kinyozi, aliyekuwa akimnyoa Nerio ndevu kila wiki bure, alisema bila hata kunyanyuka: "Nerio, ukishinda mara mbili nyingine utarudi nyumbani bila suruali."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka watu ambao sijawahi kuyaona meno yao. Walicheka kwa miaka yote waliyonunua farasi wabovu ili huyu mtu apate kipenzi kwa bei ya bure. Baba alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu.

Onésimo alipiga hesabu ya kila kitu, akasahau jambo moja. Hasara humuuma anayeielewa. Nerio hakuielewa. Alichoelewa ni kwamba ameshinda, kapewa pungufu, na anachekwa, na aliyemfanyia hayo ameketi karibu na choo na kofia magotini.

Alivuka ukumbi kwa hatua chache. Onésimo alikuwa anainuka, nadhani ili amwamkie, chupa ilipompasukia usoni. Nerio alimchomeka jichoni kipande kilichobaki mkononi mwake, akakizungusha. Mume wangu hakupiga kelele. Alianguka chali, na Nerio akamkanyaga kifua, shingo, mdomo, kwa kisigino cha buti, huku akiuliza kila anapokanyaga, "Ni pungufu? Ni pungufu?" Niliruka meza. Mpwa mmoja alinidaka nywele akanirudisha, paji langu likapiga ukingo wa meza, damu ikanijaa jicho moja. Kwa jicho la pili nilimwona Onésimo ameuweka mkono juu ya uso wake, na kitu cheupe na chekundu kinamtoka kati ya vidole.

Evelio ndiye aliyerusha kiti cha kwanza. Kilimpata Nerio kisogoni. Aligeuka akiwa na kile kipande cha chupa, lakini waliokuwa wakicheka walikuwa wameshasimama, na kicheko kilikuwa kimewatoa kitu ambacho kwa miaka kiliwakalia kooni. Mwenye duka la samaki alimpiga na mguu wa meza magotini. Wapwa wakatazamana, wakachomoka mlangoni, mmoja akaacha kiatu. Halafu sikumwona Nerio tena, niliwaona watu tu, migongo yao ikipanda na kushuka. Walimpiga kwa viti, kwa chupa, kwa mateke. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea kwa mkongojo alitafuta nafasi, akaipata, akaanza na mkongojo.

Nilijikokota mpaka kwa Onésimo nikamweka kichwa mapajani. Nyundo bado nilikuwa nayo mkononi. Sijui kwa nini sikuiachia.

"Yoleida," baba aliita. Alikuwa amesimama ukutani, uso umempauka. "Watamuua. Piga nyundo."

Nyundo ya baba ina sheria moja katika ukumbi ule, ya tangu enzi za babu. Ikishuka, kila mtu ananyamaza na kukaa, awe amelewa, awe anapigana. Niliwahi kuiona ikiwaachanisha watu walioshikana visu. Mwenye nyundo hahitaji nguvu, anahitaji tu kuhesabu, ili wajue inakuja.

Wapo wanaosema leo kwamba tulimwonea. Waje wautazame mkono wa baba, haufungi kifungo cha shati. Waje wamtazame mume wangu akimimina kahawa pembeni ya kikombe.

"Moja," nikasema kwa sauti.

Wachache waligeuka wakaniangalia, wakihema. Katikati ya miguu yao niliuona mkono wa Nerio ukipapasa sakafu, unatafuta kitu cha kushika. Waliniona simalizi. Wakarudi.

"Mbili."

Hapo nikakohoa. Nilikohoa kama alivyokohoa baba, nikavuta pumzi, nikakohoa tena. Baba alinitazama, akaacha kuniita.

Mapajani kwangu mume wangu alisogeza midomo iliyopasuka. "Yoleida," alisema, "tafadhali."

Nilimsikia. Nilikohoa mpaka nilipotosheka, kisha nikasema tatu, nikashusha nyundo sakafuni. Watu wakarudi nyuma, kila mmoja akatafuta kiti chake akakaa. Cha Nerio kilibaki wazi.