Neno la Mtani Kule Kigoma

Mabruki, Mnyamwezi, fundi seremala wa Mtendeni mjini Tabora, hakuwa mtu wa makuu. Gari alilitaka kwa ajili ya mama yake tu. Mama huyo, Bi Tatu, miguu ilikuwa imemkatalia, malori ya tumbaku hawezi kuyapanda, na dada wa mama huyo, pekee aliyebaki duniani, Batuli, alikuwa mbali, kijijini Ipole. Miaka minne ndugu hao hawajatiana machoni. Basi mwaka ule wa sabini na moja Mabruki akauza mbao zake zote, akavuka ziwa hadi Bujumbura, akanunua Pijo kuukuu lenye usukani wa kushoto, akalipakia melini kuja Kigoma.

Kigoma likakwama forodhani. Kibali hiki kipo, kile hakipo, njoo kesho. Wiki ya pili ikaingia.

Aliyemchangamsha ni Saidi, karani wa stesheni, Mzaramo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na utani wao hauna mwiko, hata kifo wanakichezea. Mabruki alimwita Saidi mtumwa wake. Saidi naye akamjibu kwamba kaburi lake keshalichimba, anangoja tu afe amrithi gari. Jumatatu akamletea karatasi yenye mhuri, eti Pijo limetaifishwa, na akaapa kwa Mungu bila haya. Maskini Mabruki akakaa chini, jasho linamtiririka, mpaka aliposikia watu wanacheka.

Jumanne Saidi akaja tena na karatasi.

"Mabruki, panda treni ya leo. Simu ya maandishi imetoka kwa dada yako Mwanajuma. Mama yuko taabani, anakuita."

"Ya jana nimefungia karanga," Mabruki akasema. "Hiyo nayo nifungie nini?"

"Wallahi si utani."

"Jana pia uliapa. Mwambie mama asife kabla hajalipanda Pijo."

Watu wakacheka. Saidi akamshika mkono, akamsihi hadi sauti ikamkauka, na kadiri alivyosihi ndivyo Mabruki alivyomsifu kwa kujua kuigiza. Karatasi hakuigusa. Na kusoma alijua, jamani, alisoma vizuri tu. Angenyoosha mkono akaipokea, yasingekuwa haya.

Gari likaachiwa Ijumaa, likapakiwa treni ile ile aliyopanda yeye. Jumamosi asubuhi akashuka Tabora akiwa na ufunguo mkononi. Mwanajuma alikuwa amesimama stesheni, kajitanda kanga, macho yamevimba.

"Tumemzika Alhamisi," akasema. "Kila treni ikipiga honi aliuliza kama ndiyo wewe. Alisema gari uliache huko huko, uje mwenyewe."

Mabruki akalia pale pale mbele za watu, mtu mzima na mvi zake, akimwita mama.

Siku ya hitima Saidi akafika kutoka Kigoma. Waliofiwa wakapata nafuu kumwona, maana mtani ndiye wa kuwachekesha watu msibani, wakangoja aanze vituko vyake. Saidi akakaa jamvini, kainamisha kichwa.

Mabruki akamsogelea. "Mbona hunitanii? Sema nimemuua mama yangu kwa ajili ya gari. Sema, watu wacheke."

Saidi akamtazama, machozi yanamlenga.

"Hilo siwezi, ndugu yangu," akasema. "Nikilisema leo, utaniamini."