Mafuta ya Nazi Kwenye Kona za Tambach

Mwaka wa tisini na sita, Jumamosi, saa nne za asubuhi, kwenye uwanja wa Tononoka, bwana mmoja wa kamati ya baiskeli alinitazama miguu, akanitazama uso, kisha akafunga daftari lake. "Mtu wa Mombasa," alisema, "mlima aliowahi kuupanda ni kitanda." Watu wakacheka. Baadhi ya waliocheka walikuwa wenzangu, na majina yao ninayo hadi leo.

Siku hiyo nilikuwa nimewashinda waendeshaji kumi na saba kuzunguka kisiwa. Nilichotaka ni nafasi moja ya kwenda kushindana bara, kwenye njia za milimani. Sikupewa. Tangu hapo hadi mwaka jana niliandika barua kumi na moja. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo uandishi wa barua rasmi nilijifunza kwa kuzisoma zile nilizojibiwa. Zote zilikataa kwa adabu. Nami nikajifunza kudai bila adabu.

Barua ya kumi na mbili ilijibiwa mwaka huu. Kamati ya Mbio za Bonde na Kilele ilikubali mwendeshaji mmoja kutoka kisiwani, katika mbio za wanawake za kutoka Kabarnet hadi Iten. Lakini chini kabisa walichomeka kifungu: asipofika Iten kabla ya saa nne na nusu, Mombasa isiombe tena nafasi kwa miaka mitano. Niliuliza kama kuna mji mwingine uliowekewa kifungu hicho. Hakuna.

Nikampeleka Sidi.

Sidi Kadenge ni muuza madafu. Ana miaka ishirini na saba, na tangu miguu ya babake ilipochoka yeye ndiye anayeitumia ile baiskeli nyeusi ya mzee, chuma kitupu, gia moja. Kila asubuhi hupakia madafu hamsini Kisauni, akavuka nayo Daraja la Nyali hadi Mji wa Kale. Mwezi wa Julai upepo wa kusi ukishika, lile daraja huwa ukuta. Nimewaona wanaume na misuli yao wakishuka kusukuma. Sidi hashuki. Hunyanyuka kwenye kiti, mabega yakienda huku na huku, na matenga nyuma yanalia kama kitanda cha kamba.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Karakana yangu iko kichochoroni, upana wa mlango mmoja, na Sidi hupita hapo kila siku. Baiskeli ya mashindano nilimuundia mwenyewe: fremu iliyoachwa na mtalii, na gia nilizochaguliwa na Taizoon wa duka la spea, ambaye babu yake ndiye aliyeiuza ile nyeusi ya mzee Kadenge. Taizoon pia ndiye mwenye pikapu iliyotupeleka bara.

Sasa nieleze jambo moja, maana ndilo lililotaka kutuua. Asiyeishi na bahari hajui chumvi inavyokula waya. Ukiweka waya mpya wa gia, mwezi haujesha umeshakuwa mwekundu. Grisi ya dukani nayo hunasa mchanga. Kwa hivyo sisi mafundi wa kisiwani tuna dawa yetu ya tangu zamani: mafuta ya nazi. Unadondosha matone ndani ya ala ya waya, ule mrija unaoufunika, gia inateleza kama ulimi wa dalali. Ile jioni tuliyofika Kabarnet nilitoa chupa yangu nikatia mafuta kila palipotilika. Niliyatia kwa mapenzi, na kwa kiburi kidogo.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Saa moja kasoro dakika tano, waendeshaji thelathini na mmoja walikuwa wamejipanga. Sidi aliniita kwa kidole.

"Fundi, gia hazisogei."

Nikashika kiwiko cha gia, kile kishikio cha kubadilishia. Kilikuwa kama kimepigwa msumari, na mnyororo umekaa kwenye gia nzito kuliko zote. Damu ikanipanda. Miaka ishirini na minane ilinirudia palepale.

"Nani ameigusa baiskeli hii?" nilisema, kwa sauti yangu ya mikutano. "Nataka jina lake. Nataka na jina la mlinzi."

Msimamizi wa mbio, bwana mmoja mrefu aitwaye Lewis, alikuja na firimbi shingoni. "Mzee, baiskeli yenu ililala wapi?"

"Chumbani mwetu."

"Na mlango nani alifunga?"

"Mimi."

"Basi tumtafute mwizi aliyelala na nyinyi."

Taizoon alitazama viatu vyake. Sidi hakunitazama mimi wala Lewis. Alikaza ukanda wa kofia. "Mwanzo ni mteremko tu," alisema. "Nitashuka nayo hivyo hivyo." Firimbi ikalia, wakaondoka.

Tukafuata na pikapu. Nilikuwa natunga barua ya kumi na tatu kwa mdomo, kwa maneno ambayo hayaandikiki, huku natafuta kitambaa cha kufutia mikono. Mkono ukaangukia ile chupa. Nikaitoa.

"Hiyo ni samli?" Taizoon aliuliza.

"Mafuta ya nazi."

"Mbona yamekuwa mshumaa?"

Niliigeuza chupa juu chini. Hayakusogea. Kwetu mafuta ya nazi ni maji, Januari ni maji, Julai ni maji. Maisha yangu yote sijapata kuyaona yakisimama. Na yale yaliyokuwa chupani ndiyo yaliyokuwa ndani ya ala za waya.

Tulipita kona tatu, mimi naitikisa chupa.

"Nyamaza," nilimwambia.

"Sijasema kitu, yakhe."

"Wacheka."

"Naendesha gari."

Barabara ile inashuka kutoka Kabarnet kama mtu anayeanguka ngazi. Upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu, na chini kabisa bonde la Kerio limelala rangi ya mkate mkavu. Wenzake Sidi waliinama wakapotea. Yeye alishika breki. Nilimwelewa. Mteremko mrefu kuliko yote aliyowahi kushuka ni ule wa darajani, na pale huwa na madafu hamsini nyuma yake. Tulipofika korongo la Chebloch, pale mto Kerio unapojibana katikati ya kuta mbili za mawe na daraja likapita juu yake, alikuwa wa ishirini na tisa.

Lakini kule chini kulikuwa na joto. Joto letu, la kumfanya mtu afungue kifungo cha shati. Nikainua chupa: pembeni mafuta yalianza kung'aa, kisha donge likaanza kuelea. Nikatoa kichwa dirishani.

"Jaribu sasa."

Akajaribu. Mnyororo ukaruka, tik, ukashuka gia moja, ukashuka nyingine. Sidi alinyoosha dole gumba bila kugeuka.

Mbele yake ukasimama ukuta wa Elgeyo. Sina neno jingine. Barabara inaupanda kwa kona juu ya kona, ukiangalia juu waona magari madogo kama punje za mtama, na ndiko uendako. Wale walioshuka kwa kasi walianza kukohoa. Sidi alianza kuwaokota. Wa ishirini na sita. Wa ishirini na mbili. Mmoja, binti wa hukohuko juu, alimuuliza, "Wewe ni wa wapi?" Sidi akamjibu, "Kisauni," akapita.

Kufika Tambach alikuwa wa ishirini. Pale njia inapumzika kidogo, inakuwa tambarare, naye akatia gia nzito ili aukimbize muda. Mwendeshaji yeyote angefanya hivyo. Ndipo wingu lilipotushukia, na mvua nyembamba ya baridi, ile isiyo na sauti. Niliangalia chupa. Ilikuwa nyeupe.

Kona iliyofuata ilipanda ghafla. Nikamwona akisukuma kiwiko cha gia. Akasukuma tena. Akakipiga kwa kiganja.

Saa nne na dakika tatu. Sheria ya mbio ilikuwa wazi: toka Tambach hadi Iten, atakayesaidiwa na mtu ametoka mbioni. Chupa ya chai ya moto ilikuwa miguuni pangu. Kijiko kimoja tu cha chai juu ya ule waya kingetosha. Lewis alikuwa ubavuni mwetu juu ya pikipiki, macho kwangu.

Kusema sikukatazwa.

"Sidi," nilimwita. "Hakuna aliyeigusa baiskeli. Ni mafuta. Yameganda kwa baridi. Ni mimi."

Lewis alisikia. Nilitaka asikie.

Sidi alizungusha miguu mara mbili kabla ya kujibu, kila mzunguko kama anakamua muwa. "Fundi, ile ya madafu ina gia ngapi?"

"Moja."

"Nzito au nyepesi?"

"Nzito."

"Haya."

Akanyanyuka kwenye kiti. Mabega yakaenda kulia, yakaenda kushoto. Ule mwendo ninaujua. Nimeuona kila Julai, uso kwenye upepo, na matenga yakilia nyuma. Wenzake walikuwa wanazungusha miguu kama cherehani. Sidi alikuwa anaikanyaga barabara, hatua moja, hatua nyingine. Wakimbiaji waliokuwa mazoezini kando ya njia, watu wanaoujua ule mlima kuliko yeyote duniani, walisimama wakatazama ile miguu. Mmoja akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa mapigo ya Sidi.

"Saa nne na kumi na tano," Taizoon alisema.

"Usinisomee saa."

"Na kumi na sita."

Alipita lango la Iten saa nne na dakika ishirini na saba. Wa kumi na tisa. Nyuma yake walibaki kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kando ya bahari.

Lewis alishuka kwenye pikipiki, akaiinua baiskeli, akasukuma kiwiko cha gia. Hakikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili.

"Amepanda na hii?"

"Wewe umemwona."

Mfukoni nilikuwa na hotuba. Nimeibeba miaka ishirini na minane, kila mwaka naiongezea mstari. Niliishika, nikaiacha humohumo. "Niliwatuhumu asubuhi," nilimwambia. "Kosa lilikuwa langu. Sasa fungua daftari uandike Mombasa."

"Nimeshaandika, mzee."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Nilisoma herufi moja moja.

Sidi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. "Ile chupa iko wapi?" aliuliza. Nikampa, nikidhani ataitupa bondeni. Akachota donge kwa kidole, akajipaka kwenye mashavu ya miguu, akajikanda polepole.

"Hapa ndipo pake, Fundi," alisema. "Kwenye gia, hapana."

Safari ya kurudi alilala tangu Nakuru. Chupa niliiweka mbele, kwenye kioo cha pikapu, na nikaendelea na barua ya kumi na tatu, safari hii kwa kalamu: mwakani twataka nafasi tatu, na kile kifungu kifutwe. Tulipoipita Voi, Taizoon alinigusa kiwiko, akanielekeza kwa kidevu. Ndani ya chupa donge lilikuwa limekwisha. Mafuta yalikuwa yanacheza kila gari lilipotikisika, maji matupu, kama ilivyo desturi yake.