Dola za Uso Mdogo

Hakuna aliyezitaka dola za Nélida. Zilikuwa noti halali za mia mia, mia moja na arobaini kwa hesabu, lakini zilikuwa za zamani, zile ambazo bwana wa Kimarekani amechorwa uso mdogo, na mji mzima wa Rosario, huko Argentina, ulikuwa umeshaamua, bila kuulizana, kwamba uso mdogo si pesa kamili. Mvunja pesa wa kichochoroni alizipekua kwa kidole kimoja kisha akazisukuma.

"Nakata kumi kwa mia, mzee. Na hapo nimekuonea huruma."

"Huruma gani hiyo inayokula dola elfu moja na mia nne?"

"Basi kaa nazo. Si mgane wewe? Zitakuliwaza."

Anselmo Giuntoli alizifunga kwenye kitambaa akaondoka. Mkewe, Nélida, alizichuma kwa miaka ishirini na sita kwa kushona magauni ya harusi ya mabinti wa watu. Peso hakuziweka, peso za nchi hii unalala nazo fedha, unaamka nazo karatasi. Alipokufa, Februari, alimwachia mumewe dola hizo na nusu ya nyumba waliyokuwa wakiishi. Nusu nyingine ilikuwa ya kaka yake, Osvaldo, naye hakungoja hata arobaini iishe.

"Shemeji, mimi si mkorofi," Osvaldo alisema, akinyonya kwa mrija chai ya majani aliyotengewa na mwenyeji wake, kama hana habari. "Elfu kumi na nne, mkononi, ifikapo Septemba ishirini, na nyumba yote yako. Ila ziwe noti mpya, za uso mkubwa. Ukishindwa, kuna mjenzi anakitaka kiwanja apandishe ghorofa tisa."

"Dada yako amefia chumba kile pale."

"Najua alikofia. Jeneza nililibeba mimi. Uso mkubwa, shemeji."

Ndiyo maana Anselmo akaingia benki, mahali alipoapa hatakanyaga tena. Zamani, wakubwa walipofungia akiba za watu, yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na aliitwa kuziba madirisha ya benki hiyo hiyo kwa mabati mazito huku kina mama wakiandamana na kugonga sufuria nyuma yake. Aliifanya kazi ile kwa sababu alikuwa na njaa. Hao waliomtuma hawakuwa na njaa hata siku moja.

Binti wa dirisha la tatu alizitazama noti.

"Kwa kuweka tu, hizi hatuzipokei, mzee wangu. Lakini kuna mnada wa hati fungani za serikali, za dola. Kwa mnada tunapokea zote, thamani kamili. Unaikopesha serikali siku mia moja na tano. Septemba kumi unalipwa noti mpya, na faida juu."

"Yaani serikali inazitaka hizi ambazo hata nyinyi hamzitaki?"

"Serikali inazitaka zote," alisema kwa furaha.

Anselmo aliishia darasa la nne, lakini neno hilo lilimkaa vibaya rohoni. Mtu anayepokea kinachokataliwa na kila mtu, ana haraka ya nini?

"Na huko mnadani nataja bei gani?"

"Hutaji. Wanataja wakubwa, wenye mamilioni. Nyinyi wadogo mnachukua bei itakayopatikana."

"Kama kawaida yetu."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha. Anselmo alihesabu kwa vidole chini ya meza: kutoka kumi hadi ishirini, siku kumi za kupumua. Na pesa za Nélida hazitakatwa hata senti. Akatia sahihi.

Agosti ilikuja na baridi na mambo yake. Mchana mmoja alimkuta Cacho, muuza nyama, anafuta ubao wa bei kwa aproni.

"Bei ziko wapi leo?"

"Zilikuwa hapa saa mbili. Saa nne zikapanda, saa sita zikapanda tena, mkono umechoka, bwana. Wewe uliza nikwambie. Ukisita kidogo, hiyo ni bei nyingine." Akacheka, akapiga kisu ubaoni. "Afadhali wewe uliye na dola. Umezificha wapi? Usinidanganye kuwa chini ya kuku."

"Nimeipa serikali. Kwenye mnada."

Kisu kikasimama hewani.

"Zote?"

"Zote."

Anselmo alingoja utani ufuate. Cacho ni mtu aliyetania hata kwenye mazishi ya mama yake mzazi.  Safari hii alifunga tu mbavu kwenye karatasi, akaongeza kipande kizuri cha ini, na alipopewa pesa ya ini akaisukuma irudi. Kile kipande cha bure kilimtia Anselmo baridi kuliko upepo wa mtoni.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja benki, na hata kabla ya kufika mlangoni akaona vijana wawili wenye ngazi wanapima madirisha na kuandika vipimo kwa chaki kwenye fremu.

"Mnapima nini, vijana?"

"Mabati, mzee. Ya milimita tatu. Manane hapa, na benki zote za barabara hii. Tumeambiwa yawe tayari kabla ya Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Sisi tutajuaje? Sisi ni wa kuchomelea."

Jibu hilo aliwahi kulitoa yeye. Walijua, wale wa juu. Walikuwa wamejua siku ile binti alipocheka. Na fundi wa mabati huambiwa mapema kuliko mwenye pesa, kwa kuwa wakimhurumia mwenye pesa wakamwambia, kazi haitakamilika.

Binti wa dirisha la tatu leo hakumtazama machoni.

"Nitoe leo," Anselmo alisema. "Faida siitaki. Nirudishieni changu."

"Muda haujafika, mzee. Unaweza kumuuzia mtu mwingine hati yako. Bei ya leo ni sitini kwa mia."

"Sitini! Kichochoroni walitaka kunikata kumi nikawaona wezi!"

"Asubuhi ilikuwa sabini."

Sitini kwa mia ni elfu nane na mia nne. Osvaldo hatapokea elfu nane. Anselmo alishika ukingo wa meza, akayaona magauni yote yale, vidole vya Nélida vilivyochomwachomwa sindano, akasema hapana. Atangoja Septemba kumi. Hakutaka kuwa yeye atakayezikata pesa za Nélida kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano jioni waziri alitokea kwenye televisheni, sauti laini kama ya padri, akaeleza kwamba hakuna kilichopotea. Tarehe tu ndizo zimepangwa upya. Kumi na tano kwa mia zitalipwa Septemba. Zilizobaki, mwakani, nusu Machi, nusu Juni. Aliwashukuru raia kwa uvumilivu wao. Nje, kwenye barabara ya mabenki, mashine za kuchomelea zilikuwa bado zinanguruma.

Septemba ishirini Osvaldo alikuja mchana, na mtu wa mjenzi nyuma yake, kofia ya plastiki kichwani.

"Nipe hadi Juni, shemeji. Wameandika watalipa. Karatasi hii hapa."

"Juni ya nani? Juni ya hao?" Osvaldo hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Unawaamini wewe? Niambie kweli, unawaamini, nami nitangoja."

Anselmo alifungua kinywa. Alitaka sana kusema ndiyo. Alimtazama shemeji yake, akaitazama karatasi yenye muhuri wa jua la taifa, kisha akaikunja akaitia mfukoni.

"Basi," Osvaldo alisema polepole.

Mtu wa mjenzi alikuwa ameshapima uwanja. Aliingia chumba cha kulala bila kubisha, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, kisha akachungulia mlangoni.

"Samahani, mzee. Kabla ya kubomoa tunakata gesi. Bomba lake linaingilia wapi?"

Anselmo aliinuka akaenda kumwonyesha.